Abraham Lincoln machoni pa watu wa zama zake na wanahistoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Abraham Lincoln aliapishwa kuwa rais wa Marekani tarehe 4 Machi 1861 na akauawa Aprili 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoshikilia utumwa, vilianza wiki chache baada ya kiapo chake, na alipopigwa risasi vilikuwa ndiyo vinamalizika. Leo sura yake iko kwenye noti ya dola tano, na sanamu yake kubwa imekaa kitini Washington kama mfalme wa kale. Ukifungua magazeti ya wakati wake, hata hivyo, unakutana na mtu mwingine kabisa. Maswali haya yanahusu umbali uliopo kati ya watu hao wawili.

Ni kweli kwamba alichukiwa alipokuwa hai?

Ndiyo, na hakuchukiwa na Kusini pekee. Uchaguzi wa 1860 ulikuwa na wagombea wanne, naye alishinda kwa kura zisizofika asilimia 40 ya kura zote za wananchi. Katika majimbo kumi ya Kusini hakupata hata kura moja, kwa sababu hakukuwa na karatasi za kura zenye jina lake. Kabla hajaapishwa, majimbo saba yalikuwa yamekwisha kujitoa kwenye Muungano, yaani Marekani yenyewe, na mengine manne yakafuata baada ya Sumter, ngome ya jeshi la serikali kuu, kushambuliwa tarehe 12 Aprili 1861.

Hata safari yake ya kwenda kuapishwa iligeuzwa kichekesho. Alidokezwa kwamba kuna njama ya kumuua Baltimore, akapita mji huo usiku kimyakimya. Wachoraji wa vikatuni wakamchora amejifunika joho na kofia kama mwizi anayekwepa polisi.

Waliomdharau walikuwa na hoja zao. Mtu huyu alizaliwa kwenye kibanda cha magogo Kentucky, muda wote aliokaa darasani haukufika mwaka mmoja, na alikuwa amehudumu muhula mmoja tu katika Baraza la Wawakilishi, 1847 hadi 1849. Alikuwa mrefu kupita kiasi, suti hazikumkaa, na alipenda kusimulia hadithi za kuchekesha hata wakati wa msiba wa taifa. Wasomi wa Boston na New York walitarajia kiongozi wa namna nyingine.

Waliofanya naye kazi kila siku walimwonaje?

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu wengi wao waliingia serikalini wakijiona wanamzidi akili.

William Seward, waziri wa mambo ya nje, ndiye aliyetarajiwa na wengi kupeperusha bendera ya chama cha Republican mwaka 1860. Tarehe 1 Aprili 1861, wakati serikali haijamaliza hata mwezi, alimwandikia rais waraka uliodai kwamba serikali haina sera. Akapendekeza Marekani izushe ugomvi na Hispania na Ufaransa ili Wamarekani wasahau tofauti zao, kisha akadokeza kwamba yeye mwenyewe hatakataa kubeba mzigo wa uongozi. Lincoln alimjibu kwa upole kwamba kama kuna jambo la kufanywa, atalifanya rais. Miezi miwili baadaye Seward alimwandikia mkewe kwamba rais ndiye bora kuliko wao wote.

Edwin Stanton alianza mbali zaidi. Mwaka 1855 walikuwa mawakili wa upande mmoja katika kesi ya mashine za kuvunia kule Cincinnati, na Stanton alimtenga Lincoln kama karani wa kijijini, hata nafasi ya kuzungumza hakumpa. Lincoln hakusahau, lakini Januari 1862 alimteua Stanton huyo huyo kuwa waziri wa vita. Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 1865 Stanton alikuwa kando ya kitanda rais alipokata roho, akilia.

Salmon Chase, waziri wa fedha, hakubadilika. Alitaka urais waziwazi na alitishia kujiuzulu mara kadhaa, mpaka Juni 1864 Lincoln akamkubalia. Desemba mwaka huo huo akamteua kuwa Jaji Mkuu. Unaweza kuuita ukarimu, na unaweza kuuita ujanja wa kumpeleka mpinzani mahali ambapo hatakusumbua tena. Kwa maoni yetu ulikuwa vyote viwili, na Lincoln hakuona mgongano wowote hapo.

Jenerali George McClellan ndiye aliyezidisha. Katika barua kwa mkewe alimwita rais sokwe na nyani. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1861 Lincoln, Seward na katibu kijana John Hay walikwenda nyumbani kwa jenerali wakamsubiri sebuleni. McClellan aliporudi kutoka harusini aliambiwa ana wageni, akapita moja kwa moja kupanda ghorofani. Nusu saa baadaye mtumishi akawaeleza kwamba bwana amekwisha kulala. Hay alikasirika na kuyaandika kwenye shajara yake. Lincoln alisema huu si wakati wa kugombania heshima. Mwaka mmoja baadaye alimwachisha kazi, na sababu haikuwa utovu wa adabu. Jenerali yule alikuwa hapigani.

Askari wa kawaida je?

Walimpenda. Wengi walimwita Baba Abrahamu, na katika uchaguzi wa Novemba 1864 karibu wanne kati ya kila askari watano walimpigia yeye kura, ingawa mpinzani wake alikuwa McClellan, jenerali wao wa zamani. Lakini mapenzi ya kambini hayakufika kila mtaa. Sheria ya 1863 ya kuandikisha askari kwa lazima ilimruhusu mwenye dola 300 kulipa na kubaki nyumbani. Julai mwaka huo New York ililipuka kwa ghasia za siku nne, watu zaidi ya mia wakafa, na Weusi waliuawa mitaani na kituo cha watoto yatima Weusi kikachomwa moto.

Kusini walimwonaje?

Inategemea unamuuliza nani. Wazungu waliotawala Kusini walimwona dhalimu anayekuja kupora mali yao, na mali hiyo ilikuwa binadamu karibu milioni nne. John Wilkes Booth alipomuua alipaza sauti kwa Kilatini kauli mbiu ya jimbo la Virginia, yenye maana kwamba hivi ndivyo wafanyiwavyo madhalimu siku zote.

Watumwa wenyewe nao walikuwa watu wa Kusini, jambo ambalo husahaulika ajabu mtu anaposema "Kusini ilifikiri hivi". Tarehe 4 Aprili 1865, siku moja baada ya Richmond kuanguka, Lincoln alitembea kwa miguu katika mji huo mkuu wa adui, na Weusi waliokuwa wametoka utumwani wakamzunguka wakishangilia. Wazungu wengi walichungulia nyuma ya madirisha.

Wapinga utumwa walikuwa upande wake tangu mwanzo?

La. Wendell Phillips wa Boston alimwita mbwa wa kusaka watumwa, kwa kuwa Lincoln alikubali sheria ya kuwarudisha waliotoroka. Horace Greeley, mhariri wa gazeti la Tribune la New York, alimwandikia barua ya wazi Agosti 1862 akimlaumu kwa kusitasita. Jibu la Lincoln la tarehe 22 Agosti linanukuliwa mpaka leo: lengo lake kuu ni kuuokoa Muungano, kama angeweza kuuokoa bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo, na kama angeweza kuuokoa kwa kuwaachia wote angefanya hivyo pia.

Wasomaji wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba utumwa haukumgusa. Wanachoacha ni mawili. Kwanza, barua hiyo inamalizia kwa kusema hayo ni maoni ya wadhifa wake, na kwamba matakwa yake binafsi, watu wote popote wawe huru, hayajabadilika. Pili, alipoiandika, rasimu ya tangazo la ukombozi ilikuwa tayari mezani mwake. Mawaziri waliisikia mwezi mmoja kabla. Alikuwa anawaandaa wazungu wa Kaskazini kumeza dawa waliyoiogopa. Siasa, kwa lugha nyingine.

Frederick Douglass alimfahamu. Alisema nini?

Kama ungepaswa kumsikiliza shahidi mmoja tu, msikilize huyu. Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka mwaka 1838, akawa msemaji maarufu kuliko wote wa watu Weusi Marekani. Miaka miwili ya kwanza ya vita alimshambulia Lincoln bila huruma, hasa baada ya Agosti 1862, rais alipowaita wajumbe Weusi Ikulu na kuwaambia itakuwa heri kwa pande zote mbili wakihamia nchi nyingine.

Kisha wakakutana. Agosti 1863 Douglass alikwenda kulalamikia mishahara: askari mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi, askari Mweusi dola 10, na tatu kati ya hizo zikakatwa za mavazi. Hakupata alichotaka siku hiyo, Bunge lilisawazisha malipo mwaka uliofuata, lakini alitoka akisema rais amempokea kama mtu anayempokea mwenzake. Agosti 1864, Lincoln akiamini kwamba atashindwa uchaguzi, alimwita yeye mwenyewe na kumwomba apange njia ya kuwatorosha watumwa wengi iwezekanavyo kabla serikali haijabadilika. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 4 Machi 1865, baada ya kiapo cha pili. Polisi walimzuia Douglass mlangoni. Alipoingia hatimaye, Lincoln alimkaribisha mbele ya wageni kama rafiki na kumuuliza ameionaje hotuba. Douglass akamjibu kwamba ilikuwa kazi takatifu. Baada ya mauaji, mjane Mary Lincoln alimpelekea fimbo ya kutembelea ya marehemu.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hayo Douglass angebaki kusifu tu. Tarehe 14 Aprili 1876, katika uzinduzi wa sanamu ya Lincoln mjini Washington iliyolipiwa na watu waliokuwa watumwa, mbele ya Rais Grant, alisimama na kusema kwamba Lincoln alikuwa, zaidi ya yote, rais wa watu weupe, na kwamba watu Weusi walikuwa kwake watoto wa kambo tu. Halafu akageuza upande wa pili. Ukimtazama kutoka uwanja wa wapinga utumwa, alisema, Lincoln alionekana mzito, baridi, asiyejali. Lakini ukimpima kwa hisia za nchi yake, ambazo kama kiongozi alilazimika kuzisikiliza, alikuwa mwepesi, mwenye ari na asiyeyumba.

Vitabu vilivyofuata kwa miaka 150 vimepanua sentensi hizo mbili, na vingi havijaongeza kitu kipya. Sanamu yenyewe haikumridhisha Douglass: inamwonyesha Mweusi akiwa amepiga goti mbele ya mkombozi. Siku chache baadaye aliandika gazetini kwamba kabla hajafa angetaka kuona mnara unaomwonyesha mtu Mweusi amesimama wima. Barua hiyo ilikuwa imesahaulika hadi ilipopatikana tena mwaka 2020. Mwaka huo huo nakala ya sanamu iliyokuwa Boston iliondolewa.

Kwa hiyo Lincoln alikuwa mbaguzi au hakuwa?

Kwa maneno yake mwenyewe ya Septemba 1858, kwenye mdahalo na Stephen Douglas, mshindani wake wa useneta, mjini Charleston, Illinois, alikuwa. Aliuambia umati kwamba hajawahi kupigania usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na Weusi, wala kuwapa Weusi kura. Watetezi wake husema alikuwa anaomba kura mbele ya wazungu wakali. Ni kweli, na haimsafishi.

Mpango wa kuwahamishia Weusi ng'ambo ulikuwa wa kweli pia. Mwaka 1863 watu wapatao 450 walipelekwa kisiwa cha Île-à-Vache, Haiti. Njaa, maradhi na utapeli wa mkandarasi viliwamaliza wengi, na mwaka uliofuata serikali ikatuma meli kuwarudisha walionusurika.

Upande wa pili wa mizani kuna hotuba yake ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1865, alipotamka hadharani kwamba angependa Weusi wenye elimu na wale waliopigana jeshini wapewe kura. Hakuna rais aliyekuwa amewahi kusema hivyo kabla yake. Booth alikuwa miongoni mwa wasikilizaji, na siku tatu baadaye akamuua. Karibu miaka saba inatenganisha hotuba hizo mbili. Anayekupa moja bila nyingine anakuuzia kitu.

Tangazo la Ukombozi lilimkomboa nani hasa?

Tangazo la tarehe 1 Januari 1863 liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyoasi. Halikugusa Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wa Muungano, wala Tennessee, wala sehemu za Louisiana na Virginia zilizokwisha kutekwa. Waliodhihaki walisema rais amewaachia huru wale asioweza kuwafikia na kuwaacha kifungoni wale anaowafikia.

Dhihaka hiyo ni kali lakini inapotosha. Lincoln alitumia mamlaka ya amiri jeshi mkuu, na mamlaka hayo yalifika kwenye mali ya adui tu. Kwa majimbo tiifu yalihitajika mabadiliko ya katiba. Aliyapigania: Baraza la Wawakilishi lilipitisha Marekebisho ya 13 ya katiba, yanayofuta utumwa, tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, baada ya ahadi za vyeo na shinikizo la chini kwa chini. Zaidi ya hayo, tangazo lilifungua milango ya jeshi kwa Weusi. Karibu 180,000 walijiunga, na kila hatua jeshi lilipopiga mbele, tangazo lilipata nguvu mahali hapo.

Kwa nini wengine walimwita, na bado humwita, dikteta?

Aprili 1861 alisitisha haki ya aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu, kwanza kwenye njia ya reli kati ya Philadelphia na Washington. Jeshi lilimkamata John Merryman wa Maryland, na Jaji Mkuu Roger Taney akaamua kwamba ni Bunge pekee linaloweza kusitisha haki hiyo. Lincoln alimpuuza. Kwa Bunge alijieleza kwa swali: je, sheria zote ziachwe bila kutekelezwa na serikali isambaratike, ili sheria moja tu isivunjwe? Taney, tukumbushane, ndiye aliyeandika hukumu ya 1857 iliyosema Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Kwa hiyo ni mtetezi mgumu kumpigia makofi hata pale alipokuwa na hoja nzuri ya kisheria, na hapa alikuwa nayo.

Maelfu walikamatwa bila kufikishwa mahakamani. Magazeti yalifungwa. Clement Vallandigham, mwanasiasa wa Ohio aliyepinga vita, alikamatwa Mei 1863, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Lincoln akaamuru atupwe upande wa waasi. Mwaka 1866 Mahakama Kuu ilitamka kwamba raia hawezi kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi mahali ambapo mahakama za kiraia zinafanya kazi. Hukumu iliandikwa na David Davis, rafiki wa Lincoln, meneja wa kampeni yake na jaji aliyemteua yeye mwenyewe.

Mwanahistoria Mark Neely alipekua kumbukumbu za kukamatwa huko na mwaka 1991 alionyesha kwamba wengi wa waliokamatwa walikuwa wafanya magendo, wakwepa jeshi na wakazi wa maeneo ya mapigano. Wapinzani wa kisiasa walikuwa wachache. Hilo linapunguza uzito wa shutuma bila kuifuta. Jambo jingine ni kwamba uchaguzi wa 1864 ulifanyika kwa tarehe yake katikati ya vita. Tarehe 23 Agosti Lincoln aliandika karatasi akisema inaelekea serikali yake haitachaguliwa tena, na kwamba atashirikiana na mshindi kuuokoa Muungano kabla ya makabidhiano. Akaikunja, akawataka mawaziri watie saini mgongoni bila kuisoma. Mwezi uliofuata Atlanta ilitekwa, upepo ukageuka, akashinda kwa asilimia 55.

Kwa nini Wadakota hawamsifu?

Wadakota ni wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1862, baada ya vita vifupi Minnesota vilivyochochewa na njaa na malipo ya mikataba yaliyochelewa, mahakama za kijeshi ziliwahukumu kifo wanaume Wadakota 303. Kesi nyingine zilichukua dakika chache. Lincoln alipitia mafaili na kuwaondolea wengi adhabu hiyo, lakini 38 walinyongwa pamoja Mankato tarehe 26 Desemba, mauaji makubwa kuliko yote ya siku moja kwa amri ya serikali katika historia ya Marekani. Siku sita baadaye akatia saini Tangazo la Ukombozi.

Wazungu wa Minnesota walimlaumu kwa kunyonga wachache. Alipoambiwa kwamba kuwanyonga wote kungemwongezea kura, alijibu kuwa hawezi kunyonga watu kwa ajili ya kura. Wasifu wake hupenda kuishia kwenye jibu hilo. Wadakota huanza kuhesabu kwenye 38.

Hotuba ya Gettysburg ilipokelewaje?

Vibaya na vizuri, kulingana na chama cha mhariri. Tarehe 19 Novemba 1863, kwenye uzinduzi wa makaburi ya askari waliokufa katika mapigano ya Gettysburg, msemaji maarufu Edward Everett alihutubia kwa saa mbili. Lincoln alifuata na maneno takriban 270, dakika mbili hivi. Everett alimwandikia kesho yake akikiri kwamba angefurahi kama angekaribia kiini cha jambo kwa saa mbili kama rais alivyofanya kwa dakika mbili. Gazeti la Chicago Times liliona aibu kwa niaba ya taifa. Gazeti moja la Harrisburg, Pennsylvania, liliyaita matamshi ya kipuuzi, na mrithi wake likaomba radhi rasmi mwaka 2013, miaka 150 baadaye.

Nje ya Marekani watu walimchukuliaje?

Tabaka la juu la Uingereza lilimcheka. Jarida la vikatuni la Punch lilimchora kama mshamba mkatili muda wote wa vita. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba Manchester, ingawa ukosefu wa pamba ya Kusini uliwakosesha kazi, walimwandikia kumuunga mkono, naye akawajibu Januari 1863. Karl Marx aliandika barua ya pongezi kwa niaba ya umoja wa kimataifa wa wafanyakazi aliposhinda tena 1864. Alipouawa, Punch lilichapisha shairi la kujutia dhihaka zake. Mwandishi wake, Tom Taylor, ndiye aliyetunga pia mchezo wa kuigiza ambao Lincoln alikuwa akiutazama alipopigwa risasi.

Unguja nako mshindo ulisikika, dukani zaidi kuliko kwenye siasa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta merikani, kitambaa cha pamba, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya Kusini ilipofungwa, merikani iliadimika na kupanda bei, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi.

Kifo chake kilibadili nini?

Karibu kila kitu. Alipigwa risasi Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, siku tano baada ya Jenerali Lee wa Kusini kusalimu amri. Jumapili ya Pasaka mapadri na wachungaji hawakuhitaji kutafuta mahubiri. Treni ya maiti ilipita miji mingi ikielekea Springfield, Illinois, alikozikwa tarehe 4 Mei, na mamilioni ya watu walijipanga kando ya reli. Waliomkejeli wiki iliyotangulia waliandika tanzia za machozi. Marehemu hasemwi vibaya, hasa aliyeuawa. Bahati mbaya ni kwamba mtakatifu akishapatikana, mwanasiasa anazikwa naye, na ni mwanasiasa aliyefanya kazi.

Wanahistoria wamegawanyika vipi?

Kundi la kwanza lilikuwa la watu waliomjua. William Herndon, mshirika wake wa uwakili, alizunguka kuwahoji majirani na jamaa na kuchapisha wasifu mwaka 1889 wenye umbea mwingi na dhahabu nyingi: huzuni zake, ndoa yake yenye misukosuko, shaka zake za dini. Makatibu wake Nicolay na Hay walitoa mwaka 1890 juzuu kumi za heshima, zilizopitiwa na mtoto wa marehemu, Robert. Robert ndiye aliyeshikilia nyaraka za baba yake. Zilifunguliwa kwa umma mwaka 1947 tu.

Kusini iliposhindwa vitani ilijitahidi kushinda vitabuni. Kwa miongo kadhaa simulizi lililotawala lilidai vita havikuhusu utumwa, na Lincoln akageuzwa mtu mpole ambaye, angeishi, angeelewana vizuri na wazungu wa Kusini. Katika miaka ya 1930 na 1940 James Randall na wenzake waliona vita vilisababishwa na kizazi cha viongozi waliovurunda. Richard Hofstadter, mwaka 1948, alilibeza Tangazo la Ukombozi kwamba lina utukufu wa stakabadhi ya mizigo.

Wanahistoria Weusi walikuwa na mjadala wao, na kwa kweli ndio uliokuwa mkali na wenye tija zaidi. W.E.B. Du Bois aliandika mwaka 1922 kwamba Lincoln alikuwa mkubwa kiasi cha kuweza kujipinga. Wasomaji walipokasirika akaeleza kwamba anampenda kwa sababu hakuwa mkamilifu. Mwaka 1935 alikwenda mbali zaidi: watumwa walijikomboa kwa kuacha mashamba na kukimbilia majeshi ya Kaskazini. Lerone Bennett, mhariri wa jarida la Ebony, aliuliza mwaka 1968 kama Lincoln hakuwa mtetezi wa ukuu wa wazungu, na akajibu kwamba alikuwa. Tangu miaka ya 1980 Ira Berlin na Barbara Fields, wakitumia nyaraka za watumwa wenyewe, walionyesha jinsi wakimbizi walivyoilazimisha serikali kuchukua hatua. James McPherson alijibu kwamba bila rais aliyekataa amani ya kuuacha utumwa uendelee, wakimbizi hao wangerudishwa.

David Donald, mwaka 1995, alimchora mtu anayesukumwa na matukio, akianzia barua ya Aprili 1864 ambamo Lincoln anasema hakuyatawala matukio bali yalimtawala yeye. Eric Foner, mwaka 2010, alifuata mawazo yake kuhusu utumwa hatua kwa hatua na kuona mtu anayejifunza. Sisi tunaegemea kwa Foner, tukimwongezea Du Bois wa 1935: alijifunza kwa sababu kuna watu waliomfundisha kwa nguvu, wengine wakiwa pekupeku kwenye malango ya kambi.

Anashika nafasi ya ngapi?

Ya kwanza mara nyingi. Alikuwa wa kwanza katika kura ya wasomi ya 1948 na katika nne za kituo cha televisheni cha C-SPAN, 2000, 2009, 2017 na 2021. Kura za Chuo cha Siena kwa kawaida humweka Franklin Roosevelt mbele. Orodha hizi zinaeleza zaidi kuhusu wanaozipigia kura. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Nyanza, Kenya, alitangaza kugombea mbele ya jengo la zamani la bunge la Springfield mwaka 2007 na akaapa kwa Biblia ya Lincoln mwaka 2009. Kwa mwanasiasa wa Marekani hakuna kivuli kizuri zaidi cha kusimamia.

Nukuu zake ninazoziona mitandaoni ni za kweli?

Nyingi si zake. Hata ile maarufu ya kwamba unaweza kuwadanganya watu wote kwa muda lakini si watu wote siku zote, haipo katika maandishi yoyote ya wakati wa uhai wake. Maandishi yake yalikusanywa na Roy Basler na kuchapishwa kuanzia 1953, na Chuo Kikuu cha Michigan kimeyaweka yote kwenye intaneti bure. Tafuta humo kwanza kabla hujasambaza.